Huanzwa na la Mbali

Pedeli ilizama hadi kwenye zulia,
laini kama mguu uliokanyaga uji.
Mghendi akaifunga boneti bila kuniangalia,
akasema, "Imeingia hewa. Naomba mguu wako."

Naomba mguu wako. Hayo ndiyo maneno ya kwanza
tangu tulipotoka mochari tarehe kumi na tisa,
mimi na risiti za hospitali ndani ya bahasha,
yeye na simu yake ambayo, eti, ilikuwa haina chaji.

Ni Jumamosi, Jericho, nyuma ya nyumba za baraza la jiji,
Pijo la Baba liko juu ya jeki na matofali mawili.
Mnunuzi anakuja saa tisa kutoka Kitengela
na ameshasema: breki kwanza, bei baadaye.

Jana niliteremka Grogan peke yangu
nikanunua viatu vya breki, vile vyenye muhuri wa kiwandani.
Muuzaji alinionyesha na vya nusu bei,
vikuukuu vilivyopakwa rangi vikang'aa kuliko vipya.
Nikamwambia nimeshazika mwezi huu, inatosha.

Asubuhi dramu ya kulia iling'oka kwa nyundo,
vumbi jeusi likatujaa puani,
na humo ndani, nyuma ya kiatu kilicholika,
tukakuta kipande cha kopo la mafuta ya kupikia,
kimekatwa kwa makasi ya Mama, kimekunjwa mara mbili,
herufi tatu bado zinasomeka.
Kumbe ndivyo alivyotupeleka nyumbani kila Desemba,
akiteremka kona za Wundanyi
huku akituambia tulale.
Tulikitazama. Hakuna aliyecheka.
Mghendi alikifuta kwa shati, akakitia mfukoni.

Sasa nimekaa kwenye kiti chake.
Kiti kinamkumbuka: kimebonyea upande wa pochi.
Huko nyuma, chini, mahali nisipopaona,
ndugu yangu amelala juu ya kadibodi ya televisheni,
spana namba kumi mkononi, mpira mwembamba
umechovywa ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi.

"Kanyaga."
Nakanyaga.
"Shikilia."
Nashikilia.
Nati inalegea, pedeli inaniponyoka taratibu,
namsikia akihesabu viputo kwa Kidawida,
kama tulivyohesabiwa sisi mlangoni pa gari hili hili
asije mmoja akasahaulika Voi.
"Achia."

"Mbona umeanza na gurudumu la nyuma, kushoto?"
Nimeuliza kabla sijajizuia.
"Huanzwa na la mbali," anajibu kutoka chini.
"Lililo mbali na silinda kuu. Ukianza na la karibu
hewa inajificha kule mwisho,
unanawa mikono, kumbe hujafanya kitu."
Nikafikiria Lodwar, miaka yake sita.
Nikafikiria barabara yote ile. Sikusema.

Kanyaga. Shikilia. Achia.
Kanyaga. Shikilia. Achia.
Mtoto wa jirani alisimama na baiskeli isiyo na breki kabisa,
akatutazama, akaenda zake akiburuta kandambili lami.
Mafuta yalimdondokea Mghendi kiwikoni,
mengine yakagusa mlango, yakaanza kula rangi.
Nikamrushia kitambaa kupitia dirishani.
"Asante," akasema. Nalo hilo nimelihesabu.

Gurudumu la nne, la mbele kulia, chini yangu kabisa.
"Kanyaga."
Pedeli ikakataa kwenda. Ngumu,
kama kuna mtu upande wa pili anayenisukuma.
"Shikilia."
Nikashikilia. Nikasikia nati ikikazwa,
kifuniko cha chupa kikizungushwa.
Nikangoja aseme achia.

"Ilikuwa na chaji," akasema.
Sauti ilipanda kupitia bati la sakafu.
"Siku ile. Niliona jina lako, mara zote saba."

Saa nane na nusu. Paja linanitetemeka.
Nimeshikilia.